Mjadala: Nyota akiachia mpira kwenye mstari wa goli, tunajuaje kama ameuza?

MstariWaGoli
Wakuu, salaam. Kila msimu wa futiboli ya vyuo Marekani (ule mpira wa kubebwa mikononi, si soka) ni yale yale: nyota akiboronga, kipande cha video cha sekunde nane kinazungushwa na watu wanaapa kwamba kauza mechi. Mfano wanaoupenda ni Dennis Lundy, mkimbizaji (anayebeba mpira na kukimbia nao) tegemeo wa chuo cha Northwestern. Novemba 1994, dhidi ya Iowa, aliachia mpira makusudi karibu na mstari wa goli kwa sababu alikuwa amebeti dola 400 dhidi ya timu yake. Iowa wakashinda 49-13.

Lakini hakunaswa na video. Kilichomwangusha ni uchunguzi wa madau yaliyokuwa yakipokelewa na mwanafunzi pale chuoni, na shtaka lililomkuta Desemba 1998 lilikuwa la kudanganya jopo la mashtaka. Swali: ni haki kumsimamisha mchezaji kabla nyayo za hela hazijaonekana? Mimi nasema si haki.

Chifu_Songea
49-13 halafu unaniambia aliachia kwa ajili ya beti? Angefunga na teke la nyongeza likaingia ingekuwa 49-20. Bado tofauti ni pointi 29. Beti yake ilikuwa salama tu.

Mwanahendikapu
Chifu, matokeo ya mwisho unayajua wewe unayesoma leo. Mchezaji aliye uwanjani hayajui. Na ndiyo maana makosa ya kuuza hutokea mapema, mkeka ukiwa bado unaning'inia.

Kwa wasioelewa: kule dau kubwa haliko kwenye nani atashinda, liko kwenye hendikapu. Timu inayopewa nafasi inawekewa, tuseme, -14, yaani lazima ishinde kwa zaidi ya pointi 14. Ikishinda kwa 10, kwenye gazeti imeshinda, kwenye mkeka imepoteza. Bei ya kawaida ni kuweka 110 upate faida ya 100, kwa hiyo ili usile hasara lazima upatie zaidi kidogo ya mara 52 katika 100. Mchezaji mmoja akikuhakikishia mechi moja tu, hesabu yote imegeuka. Na dhamiri yake inamwambia kwamba timu bado imeshinda, hajamdhulumu mtu. Hapo ndipo wengi huingilia.

BintiPwani
Tusichanganye mambo mawili. Lundy hakuhongwa. Aliweka hela yake mwenyewe. Aliyehongwa ni kama yule mkimbizaji wa chuo cha Toledo, aliyekiri kupokea dola 500 kwa kuachia mpira kwenye mechi ya GMAC Bowl ya Desemba 2005. Na Toledo wakashinda 45-13 hata hivyo! Wachezaji 11 kila upande, mmoja akiachia, kumi wanafukia shimo. Kwenye kikapu wako watano uwanjani, ndiyo maana kesi nyingi ziko huko. Mkimbizaji ndiye mtu rahisi kumnunua lakini ndiye bidhaa mbovu.

Mzalendo_Houston
"Rahisi kumnunua" kivipi, dada? Mkimbizaji anapigwa na watu wa kilo 130 mara ishirini kwa mechi, halafu unamwita bidhaa? Ni nafasi ngumu kuliko zote kwa kuuza. Akiachia mara mbili kocha anamkalisha benchi, na mnunuzi amebaki na mtu aliyekaa.

Tena wanaosema "ilionekana wazi" hawajui mpira unavyobebwa. Vidole vinaifunika ncha ya mbele, kiganja chini yake, ncha ya nyuma imezama kwenye kiwiko, mpira umebanwa kifuani, na uko mkono wa nje, mbali na mkabaji. Sasa fika yadi moja. Mpira ukigusa tu hewa iliyo juu ya mstari ni goli, hivyo mkimbizaji mwaminifu kabisa anaunyoosha mbele kwa mkono mmoja. Ameacha kila kitu alichofundishwa. Mkabaji anaupiga ngumi, unatoka, ukipitiliza nje nyuma ya goli wapinzani wanapewa kwenye yadi ya 20. Kwa video ni picha ile ile ya msaliti.

BintiPwani
Sikumwita mtu bidhaa, nimesema anavyotazamwa na mnunuzi. Soma tena.

Kalamu77
Basi nani bidhaa nzuri? Ni kwotabeki, anayeanzisha mashambulizi na kurusha mpira, na wala hahitaji kukosea. Saa ya kuanza kila mchezo (jaribio moja la kusogeza mpira, si mechi nzima) ina sekunde 40. Timu yako inaongoza kwa 10, hendikapu ni -14, wewe kila mara unaita mpira ikibaki sekunde moja badala ya kumi na tano. Kwenye michezo 40 ambayo saa inatembea umeshakula zaidi ya dakika 9. Wapinzani hawapati nafasi, nyie hamuongezi, mechi inakufa kwa 10. Kocha atakusifu kwa utulivu.

Baada yake ni mchezaji wa mstari wa mbele anayemkinga kwotabeki. Anamshika mpinzani jezi, mwamuzi anatupa bendera, timu yake inarudishwa yadi 10 nyuma. Akifanya hivyo mara mbili, mashambulizi mawili yamekufa na hakuna mtazamaji anayejua hata namba yake.

Chifu_Songea
Mnazunguka. Tatizo ni hela. Vyuo vilivuna mamilioni, vijana wakawa wanakula ufadhili wa masomo tu. Wangelipwa wasingeuza.

Mwanahendikapu
Sikubali hata kidogo, na inaniudhi kila ninapoisikia. Art Schlichter, kwotabeki nyota wa Ohio State, alichaguliwa wa 4 mwaka 1982 na Baltimore Colts, akapewa hela ya maana. Mwaka 1983 NFL, ligi ya futiboli ya kulipwa, ikamsimamisha kwa kubeti. Jontay Porter, mcheza kikapu, alikuwa analipwa NBA. 2024 kafungiwa maisha kwa kutoka mapema uwanjani ili waliobeti kwamba takwimu zake zitakuwa "chini" ya namba iliyowekwa washinde. Aliyezama kwenye deni la beti hashibi mshahara. Deni ndilo linalomuuza.

Chifu_Songea
Unanitajia wawili. Mimi nakutajia maelfu wasiokuwa na nauli. Wewe umewahi kuiangalia hii kwa upande wa aliye chini, au unahesabu hendikapu tu? Mwaka 2020 FIFA iliwafungia wachezaji wanne wa Kakamega Homeboyz ya Kenya, mmoja maisha. Waulize mishahara ya ligi ile inatoka lini.

Mwanahendikapu
Usinigeuzie. Nimesema mshahara haumalizi tatizo, sijasema njaa si kitu. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura zao, na mwaka 2023 kesi za kubeti za wachezaji wa vyuo vya Iowa na Iowa State ndipo zilipofumuka. Hela ilikuwepo.

Mzalendo_Houston
Za Iowa usizitaje kiholela, mkuu. Nyingi zilikuwa za vijana kubeti kwa akaunti zilizosajiliwa kwa majina ya ndugu zao. Hunter Dekkers, kwotabeki wa Iowa State, alikiri kubeti akiwa chini ya umri na kulipa faini. Na Machi 2024 mashtaka ya wenzake kadhaa yakafutwa, baada ya kubainika kwamba wapelelezi walipekua simu zilizokuwa zikibeti ndani ya majengo ya michezo bila kibali cha mahakama. Misimu yao ilikuwa imeshakwenda.

MstariWaGoli
Hapo ndipo kwenye swali langu. Wamesimamishwa kwanza, ushahidi ukafuata.

Kalamu77
Lakini kubeti timu yako ishinde kuna ubaya gani? Huyo si ana ari zaidi?

BintiPwani
Kuna ubaya mkubwa, Kalamu. Ukibeti timu yako ishinde wiki nne mfululizo, ya tano hukubeti, anayepokea dau lako ameshajua kuna kitu: kwotabeki kaumia goti, kocha kagombana na mtu. Ukimya wako umekuwa taarifa ya kuuza. Na ukishapoteza unamdai nani? Unadaiwa wewe. Boston College 1996 walisimamishwa wachezaji 13. Wengi walibeti mechi nyingine tu. Wawili walikuwa wamebeti dhidi ya timu yao kwenye mechi na Syracuse, wakafungwa 45-17. Mwendesha mashtaka hakukuta kwamba mechi iliuzwa, lakini niambie wenzao waliwatazamaje.

Chifu_Songea
Kwa hiyo 11 walisimamishwa kwa makosa ya wawili.

BintiPwani
Kwa kuvunja sheria ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, waliyoijua. Usiweke maneno mdomoni mwangu.

Mwanahendikapu
Tukirudi kwa mwenye mada: angalia laini, yaani namba ya hendikapu inavyosogea kabla ya mechi, achana na video. Machi 1994, kikapu, Arizona State dhidi ya Washington, hendikapu ilishuka kutoka 11 hadi 3 hapo Las Vegas bila mtu kuumia. Hela ilikuwa inamiminika upande mmoja, wenye kasino wakapiga kelele. Arizona State wakashinda kwa 18 na walioujua mpango wakala hasara, lakini mwendo ule wa laini ndio uliofungua kesi. Futiboli huwa na mwendo wake: kutoka -6.5 hadi -7.5 inavuka 7, tofauti ya pointi ambayo mechi nyingi huishia, hivyo hata pointi moja pale ina uzito. Kutoka -11.5 hadi -12.5 haina maana kubwa.

Ukiniletea video bila mwendo wa laini, sikuamini. Ukiniletea laini iliyoruka pointi 8, akaunti mpya zote zikiweka kiwango cha juu upande mmoja, msimamishe siku hiyo hiyo, na alipwe stahiki zake akisubiri.

Mzalendo_Houston
Na mkeka wa takwimu za mchezaji mmoja mmoja, je? Huo laini ya mechi haisogei kabisa. Porter hakuhitaji timu ipoteze. Ohio waliuondoa kwa wachezaji wa vyuo mwaka 2024, majimbo mengine bado. Hapo kipimo chako kinaona nini?

Mwanahendikapu
Kinaona akaunti, kwa sababu mikeka hiyo ina kikomo kidogo na huwezi kuweka hela ya maana bila watu kumi. Ila umenishika: kwenye futiboli mkimbizaji akiwekewa "chini ya yadi 64.5" anaweza kushika msuli robo ya kwanza na kutoka. Hata mpira hahitaji kuuachia.

Chifu_Songea
Kwa hiyo tumekubaliana kwamba mkimbizaji ni rahisi.

Mzalendo_Houston
Hatujakubaliana.