Tupeane uzoefu: mliobaki baada ya gonjwa kupita, mkapendana, mlianzaje?

Seremala na Mkewe (Makete), mwanzisha mada

Habari za baridi, ndugu zangu. Jambo hili nimekaa nalo muda mrefu, na leo nimeamua kulitoa kwa sababu vijana wetu wakisimuliwa miaka ile wanasimuliwa vifo tu. Ni kweli tulikufa. Lakini tuliobaki tulipendana pia, na hilo sisikii mtu akilisema.

Mwishoni mwa mwaka 1999, Rais Mkapa alipotangaza UKIMWI kuwa janga la taifa, mume wangu wa kwanza alikuwa bado anatembea. Tulisikiliza redio pamoja bila kuangaliana. Alifariki mwaka 2002. Miaka hiyo kijijini kwetu kuna wiki ambazo majembe hayakurudi nyumbani baada ya mazishi. Yaliachwa palepale makaburini, maana kesho yake yangetakiwa tena. Watu wa rika letu waliisha. Ulikuwa unapita njiani, nyumba hii bibi na wajukuu, inayofuata bibi na wajukuu, inayofuata imefungwa.

Nilipopimwa mwaka 2005 nikakutwa nao, sikulia. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa zimeanza kutolewa bure mwaka uliotangulia, ila hazikuwa za kila aliyekutwa na virusi. Walipima kwanza CD4, yaani hesabu ya chembe za kinga mwilini, na kama iko juu ya 200 na hujaumwa sana unaambiwa usubiri. Yangu ilikuwa 87. Nesi akasema limebaki sharti moja: nije na mtu wa kunisimamia kwenye dawa, ndugu au jirani, afundishwe pamoja nami na jina lake liandikwe kwenye faili. Nikamjibu sina. Mama alishatangulia, dada zangu wawili walishatangulia, na mashemeji walikuwa wananiambia nimemuua kaka yao.

Mwanaume aliyekaa nyuma yangu kwenye benchi akasema, "Andika jina langu. Na mimi mniandikie la huyu mama."

Nilimfahamu. Ni seremala wa kijiji cha ng'ambo ya bonde. Ndiye aliyetengeneza jeneza la mume wangu, na pesa iliyobaki hakuwahi kuja kuidai. Mkewe alimzika mwaka 2001.

Simu hatukuwa nazo. Tukakubaliana hivi: ngoma ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikilia redioni, kila mmoja ameze kidonge kwake, kisha atoke nje amulike tochi kuelekea upande wa mwenzake. Mara mbili, basi. Ya asubuhi tuliaminiana. Kwa muda wa karibu mwaka mzima mapenzi yetu yalikuwa hayo, taa mbili za ng'ambo ya bonde. Sikumwambia mtu kwamba nilikuwa nikianza kuingoja saa mbili tangu saa kumi jioni.

Mwezi wa sita kuna usiku ukungu ulishuka mzito mpaka mti wa uani sikuuona. Nilimulika, hakuna. Nikakaa nikiwaza ameanguka au amekufa. Ilipofika saa nne nikasikia hodi. Amelowa mpaka magotini, kavuka mto gizani. Hakuingia ndani. Aliuliza tu, "Umemeza?" Nikasema nimemeza. Akasema, "Haya, ulale salama," akageuka kurudi. Mimi siku hiyo ndiyo niliolewa, kama mnataka kujua. Kanisani tulikwenda mwaka 2007.

Posa yake ilikuwa ya maneno machache: "Tuoane, ili atakayetangulia awe na wa kumzika." Hakunidanganya, na mimi sikuhitaji kudanganywa. Hakuna hata mmoja wetu aliyetarajia kuvuka miaka mitano. Alipasua mbao za mpaina, akazipanga darini mafungu mawili, langu na lake, zikauke.

Sasa tuna mtoto aliyezaliwa mwaka 2014. Nilikuwa kwenye dawa tangu mwanzo wa mimba mpaka mwisho, na alipoacha kunyonya akapimwa kipimo cha mwisho: salama.

Na ninyi mlianzaje? Si lazima iwe UKIMWI. Gonjwa lolote lililopita kwenu likawaacha wawili.

Nesi Mstaafu (Njombe)

Mama, umenirudisha kwenye lile benchi. Nimekaa upande wa pili wa meza miaka mingi na nakuhakikishia hamkuwa peke yenu. Tulikuwa tunaona: mwezi wa kwanza wamekaa mbalimbali, wa tatu wanashikiana foleni, wa sita mmoja anachukua dawa za wote wawili kwa sababu mwenzake miguu inamuwaka. Kidonge kile cha zamani chenye stavudine kiliokoa wengi, lakini kiliwachoma nyayo na kuwakausha mashavu, mpaka kikaondolewa. Nimewaona wanaume wamekaa chini sakafuni wanawakanda wake zao nyayo wakisubiri kuitwa. Wanaume wa huku, ambao mbele za watu hata mkono hawamshiki mke.

Niseme na la kazi yangu. Mkipendana mkiwa wote mna virusi, msiache dawa kwa kudhani hakuna tena cha kulinda. Na msiongee kama mambo haya yameisha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta Njombe na Iringa zaidi ya mtu mzima 1 kati ya 10 anaishi na virusi. Ila siku hizi anayepimwa leo anaanza dawa leo, hangoji CD4 ishuke.

Binti wa Mafinga

Shikamooni wazazi wangu. Mimi ni wa kizazi kilichozaliwa nao. Baba na mama sina picha yao kichwani, nimelelewa na bibi. Mpaka nafika miaka 11 niliambiwa dawa ninazokunywa ni za kifua. Siku niliyoelezwa ukweli bibi alishindwa kusema, akamwomba mshauri wa kliniki aseme, yeye akawa ananishika kisigino kama mtoto mchanga.

Shule ya bweni nilijifunza kuweka pamba ndani ya kopo la dawa ili vidonge visigonge. Ukitembea na begi bila pamba, kopo linalia kama kayamba na kila mtu anageuka. Wenye uzoefu huu wanaelewa nisemacho.

Mwaka 2019, kwenye klabu ya vijana ya kliniki, Jumamosi, kijana mmoja aliyekaa karibu nami aliinua begi langu kunipisha. Akalitikisa kidogo, halafu akasema taratibu, "Na wewe unaweka pamba." Nikacheka mpaka machozi. Nilikuwa sijawahi kucheka kuhusu jambo hilo maishani mwangu.

Anafanya kazi kwenye kiwanda cha mbao. Tumevishana pete mwaka jana. Watu wanatuuliza mnapendana kwa sababu mna hali moja? Sijui kuwajibu. Kwenye klabu tulikuwa zaidi ya 30 na wote tulikuwa na hali moja. Aliyesikia ukimya wa kopo langu ni yeye peke yake. Chumbani kwetu, Mungu akijalia, makopo yatakaa juu ya meza bila pamba.

Mtoto wa Mjane (Rungwe)

Naomba niseme upande mwingine, mnisamehe. Baba alipokufa, mama yangu alirithiwa na baba mdogo. Hakuulizwa. Mwenyewe alikuwa hajapimwa, baba mdogo alikuwa hajapimwa, na kikao kilimalizika kabla chai haijapoa. Baba mdogo akafa, mkewe mkubwa akafa, mama akafuata. Nilikuwa na miaka 13.

Kwa hiyo nikisoma neno "tuliobaki tukaoana" moyo wangu unasita kwanza. Si kila aliyeunganishwa na mwingine juu ya kaburi alipenda. Ila nimesoma habari ya yule mzee kuvuka mto, akauliza, akajibiwa, akarudi kwake. Kumbe iliwezekana kuuliza. Ndaga fijo, asante sana, mama.

Mwalimu wa Zamani (Ubena)

Kamwene. Binti yangu wa Rungwe, pole sana. Uliyoyasema yalikuwa lazima yasemwe.

Mimi naleta ya zamani, niliyoisikia kwa bibi yangu mzaa baba akiwa kipofu tayari. Ni ya mwaka 1918. Mwezi Oktoba jeshi la Wajerumani la Lettow-Vorbeck lilipita Ubena, huku kwetu Njombe, likielekea Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, na majira hayohayo yakaja mafua yale makubwa yaliyozunguka dunia nzima. Vita vilishakula ng'ombe na nafaka, vijana walishachukuliwa kubeba mizigo ya majeshi. Mafua yakamalizia. Na yalikuwa na tabia ya ajabu, yaliwaangusha wenye nguvu zao kuliko wazee.

Bibi alikuwa msichana wa kuvunja ungo. Anasema watu waliacha kutembeleana kwa hofu, kwa hiyo habari za jirani zilisomwa kwa moshi. Asubuhi unasimama mlangoni, unaangalia milimani, unahesabu nyumba zinazofuka. Isiyofuka siku mbili, unajua. Kwao waliugua wote saba. Moto ukazimika kwa kukosa wa kuuchochea, na kiberiti enzi hizo si kitu cha kila nyumba. Siku ya tatu mlango ukasukumwa, akaingia kijana aliyemjua kwa mbali, mtoto wa mlima wa pili, kashika kigae chenye makaa. Kwao alikuwa amebaki yeye na mama yake. Alikuwa kwenye kilima chake akihesabu moshi, akaona ule mmoja haupo, na badala ya kungoja akaja.

Aliwasha moto, akachemsha maji, akaondoka. Akaja tena kesho yake, na siku zilizofuata, mpaka bibi akaweza kusimama. Waliozikwa pale nyumbani ni wanne, na yeye ndiye aliyechimba.

Nilimuuliza bibi, utoto wangu huo, alimpenda babu kwa lipi. Hakusema habari ya sura wala mifugo. Alisema, "Mjukuu wangu, mtu yule aliniangalia moshi." Hadi anafariki, kila alfajiri alikuwa anapapasa mafiga kuhakikisha chini ya majivu kuna kaa lililo hai. Babu alikuwa ameshakufa miaka zaidi ya 20.

Tingo wa Zamani (Uyole, Mbeya)

Kwa kifupi kwa sababu niko safarini. Nilikuwa kwenye malori ya kwenda Tunduma na kuvuka mpaka tangu mwaka 1994. Kundi letu la kwanza tulikuwa tisa, nimebaki mimi. Mke wangu ni mama aliyekuwa akipika stendi. Nilimwambia hali yangu kabla sijamwambia kingine chochote, naye akaniuliza kama nimeshakula. Yeye hana maambukizi mpaka leo, anapima kila mwaka. Virusi vyangu havionekani kwenye kipimo tangu mwaka 2013, na mtu akikaa hivyo kwenye dawa hamwambukizi mwenzake kitandani. Hilo alilielezwa na daktari mbele yangu, akafunga kanga vizuri akasema, "Basi twende nyumbani."

Mwanzisha mada, zile mbao za darini ziliishia wapi?

Seremala na Mkewe (Makete), mwanzisha mada

Nimesoma zote nikimsomea na yeye, macho yake hayaoni vizuri jioni. Ya bibi wa makaa amenirudisha nimsomee mara mbili. Binti wa Rungwe, amesema uje, kuna viazi na nyumba ina nafasi.

Mbao zangu zilikaa mpaka mwaka 2011. Mvua ikaharibu mlango wa jikoni, akapanda darini bila kuniambia, akashusha fungu langu. Nilirudi shambani nikakuta mlango mpya. Nikamuuliza, je nikifa? Akasema atapasua nyingine, mipaina haijaisha. Nilikasirika kidogo, nikaingia ndani, nikaufunga na kuufungua mara nyingi.

Zake bado ziko darini. Mtoto wetu ameanza kuziulizia, anataka meza ya kusomea. Mwenyewe amekaa hapa mlangoni, anasema niwaandikie kwamba anazifikiria. Naacha sasa, saa mbili inakaribia na tochi iko kwake.