HiAce ya zamani, Bukavu: pedali ya breki huzama mara ya kwanza, hupanda mara ya pili

Dereva wa Nguba
Ndugu mafundi na madereva wenzangu, habari za kazi. Nina Toyota HiAce ya dizeli, ya zamani, ambayo hubeba abiria kati ya Bukavu na Uvira. Tangu plaketi (pedi za breki) za mbele zibadilishwe, pedali huzama karibu na sakafu ninapoikanyaga mara ya kwanza, lakini nikiikanyaga tena papo hapo hupanda na gari hushika. Kwenye mteremko wa Ngomo, kabla ya kufika Kamanyola, hulegea kabisa. Garaji iliyofanya kazi hiyo inadai kwamba masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki pedali inapokanyagwa, imekufa. Nitathibitishaje kabla sijatoa fedha?

Fundi wa Kadutu
Ndugu yangu, usinunue bado. Simamisha gari mahali tambarare injini ikiwaka, kanyaga mpaka pedali ipande, kisha ishikilie kwa nguvu ileile kwa nusu dakika hivi. Ikishuka polepole chini ya mguu, ama mafuta yanavuja mahali, ama raba za ndani ya masta zimechoka. Ikisimama imara, masta si ya kulaumiwa kwanza. Halafu vuta breki ya mkono kidogo na ukanyage tena: pedali ikiwa juu kuliko awali, viatu vya nyuma (vipande vinavyosugua ndani ya ngoma ya gurudumu ili kulisimamisha) viko mbali na ngoma, na mkanyago wa kwanza wote unaishia katika kuvisogeza. Kwenye magari ya umri huo kirekebishi cha viatu, kinachoviweka karibu na ngoma, huganda kwa kutu na vumbi, na wengi hubadilisha plaketi za mbele bila hata kuifungua ngoma ya nyuma. Jambo hilo hunisikitisha sana, kwa sababu magari haya yanabeba watu.

Mzee wa Panzi
Nakubaliana na fundi, ila kulegea huko Ngomo kuna sababu yake. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewani. DOT 3, aina moja ya mafuta hayo, ikiwa mpya hutakiwa isichemke kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho huweza kushuka hadi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke ukikanyagwa hubonyea tu bila kusukuma chochote. Yakiwa meusi kwenye kopo, mwaga yote, na mteremko ushuke kwa gia ndogo.

Dereva wa Nguba
Asanteni, wakubwa. Pedali ilisimama imara, na breki ya mkono iliipandisha kweli. Ngoma ya nyuma ya kulia ilipofunguliwa, kirekebishi kilikuwa kimeganda, na tulipoinua mpira wa vumbi wa silinda ya gurudumu, ile inayosukuma viatu, tulikuta unyevu wa mafuta nyuma yake. Kiatu kimoja kimelowa ukingoni. Je, nikioshe kwa petroli?

Fundi wa Kadutu
Hapana, kiatu kilichokunywa mafuta hakifai tena. Badilisha viatu vya magurudumu yote mawili ya nyuma pamoja na silinda zake, hata ile ya kushoto inayoonekana kavu. Uvujaji wenu ni mdogo mno kuonekana kwenye jaribio la pedali, ndiyo maana ngoma lazima ifunguliwe. Rekebisha viatu mpaka viguse ngoma kwa mbali inapozungushwa, tia mafuta mapya, kisha toa upepo ulio ndani ya mabomba ya breki ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Lijaribu gari tupu kwenye tambarare kabla ya kulirudisha Ngomo na abiria.