Wauza miwani mnaotubandikia stika ya "Polarized" kwenye vioo vyeusi vitupu: mnatuharibia macho sisi watu wa bahari

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Kuna biashara inaendelea Dar na miji ya pwani, imefika hadi huku visiwani: miwani ya plastiki nyeusi inabandikwa stika mbili, moja "Polarized" (eti inakata mng'ao wa maji), nyingine "UV400" (eti inazuia mionzi ya jua isiyoonekana), halafu anauziwa mtu ambaye macho ndiyo yanayomlisha. Mimi ni nahodha wa boti ya faiba hapa Mafia. Msimu wa kaskazi tunapeleka wageni kuona papa potwe upande wa Kilindoni, siku nyingine tunakokota mishipi nje kutafuta nguru na jodari. Kutwa nzima natazama maji. Kwangu miwani ni kifaa cha kazi kama ilivyo nanga na maboya, sikununua ili nipendeze.

Mwenye boti alimtuma mtu Kariakoo anunue miwani ya wafanyakazi wote. Hakwenda kwa machinga, alikwenda kwenye duka lenye kabati za vioo, kiyoyozi na muuzaji aliyevaa koti jeupe. Akamwambia waziwazi: hii ni ya kazi ya baharini, inatakiwa ikate mng'ao wa maji. Jibu: "Ondoa shaka kaka, hii orijino, polaraizi kamili, hata wazungu wanaovua wanachukua hapa." Shilingi 45,000 kila moja. Risiti ikaandikwa, na chini yake ule mstari wao wanaoupenda: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Tukaivaa tukitoka Utende asubuhi kuelekea mlango wa bahari wa Kinasi, maji yamekupwa, jua liko usoni. Wanaoijua ghuba ya Chole wanajua pale huendi kwa kubahatisha. Kijana wa omo, yaani anayekaa mbele kabisa ya boti, kazi yake ni kusoma rangi: kahawia ni mwamba, kijani cheupe ni fungu la mchanga, buluu iliyokolea ndiyo njia. Ile miwani ikampa giza tu. Mng'ao uko palepale, umegeuka kijivu, na chini ya mng'ao haonekani hata mwani. Mwamba aliuona ukiwa ubavuni. Propela ikapinda jani, mgeni mmoja akaangukia benchi, siku ya kazi ikafia hapo. Tunashukuru hakuna aliyeumia vibaya.

Nikampigia muuzaji. Mnajua alinijibu nini? "Bosi, miwani haina tatizo, labda macho yenu, nendeni mkapime." Kijana wetu wa omo ana miaka ishirini na kitu, anaona ngalawa ikiwa bado doa kwenye upeo wa macho, leo mtu wa Kariakoo anamwambia akapime macho!

Sasa naeleza jambo lenyewe, maana wengi wetu tunaibiwa kwa sababu hatuelezwi. Mwanga wa jua ukigonga uso wa maji na kuruka, sehemu kubwa ya mawimbi yake inakuwa imelala, yaani inatikisika kwa mlalo. Huo ndio mng'ao unaochoma macho na kuficha kilicho chini. Lenzi ya polaraizi ina utando ndani yake unaozuia mwanga uliolala na kuruhusu ule uliosimama. Ukitazama maji kwa pembe ya kama digrii 37 chini ya upeo wa macho, mwanga unaoruka karibu wote umelala, na hapo ndipo baharia wa omo anapotazama anapotafuta mwamba. Miwani ya kweli inaufuta mng'ao huo, unaona matumbawe, unaona mgongo wa papa potwe kabla hajafika juu. Kioo cheusi kisicho na utando kinapunguza vyote kwa pamoja, mng'ao na mwamba. Ukiongeza weusi, unaongeza upofu.

Na hiyo si teknolojia ya jana. Edwin Land wa Marekani aliutengeneza utando wa namna hii mwishoni mwa miaka ya 1920, na miwani yake ilikuwa sokoni tangu miaka ya 1930. Kwa hiyo msituambie ni kitu adimu ndiyo maana mnatupa feki.

Kinachoniumiza zaidi ni hila ya kadi. Ukiwa mbishi wanakutolea kikadi chenye picha iliyofichwa. Bila miwani huoni kitu, ukivaa unaona samaki au maandishi. Halafu wanakwambia, "Umeona? Polaraizi na UV humohumo." Uongo! Kadi ile inapima polaraizi peke yake, haisemi lolote kuhusu mionzi ya urujuanimno, ndiyo hiyo UV. Hayo ni mambo mawili tofauti, lenzi inaweza kuwa na moja ikakosa la pili. Na kwetu walifanya ujanja mwingine: miwani ya kujaribia iliyokuwa mezani ilikuwa ya kweli, picha ikaonekana vizuri, zilizofungwa kwenye maboksi zikawa kitu kingine. Tumezilinganisha baadaye na miwani ya mgeni. Fremu zinafanana, stika zinafanana, lenzi ni mbingu na ardhi.

Hapo kwenye urujuanimno ndipo hasira yangu inapokolea. UV400 maana yake lenzi izuie mionzi hiyo hadi urefu wa wimbi wa nanomita 400. Macho yetu hayaioni mionzi hiyo, kwa hiyo hakuna namna ya kujua kwa kutazama. Ukivaa kioo cheusi kisicho na kinga, mboni inadhani kuna kivuli, inapanuka, na mionzi inaweza kuingia kwa wingi kuliko ungekodoa macho bila miwani. Yaani mmetuuzia kitu kinachoweza kuwa kibaya kuliko kutokuwa na kitu, kwa shilingi 45,000.

Na sisi tupo karibu na ikweta. Jua la mchana hapa ni kali mwaka mzima, tena halitoki juu tu. Shirika la Afya Duniani linasema mchanga mkavu wa pwani unarudisha karibu asilimia 15 ya mionzi ya urujuanimno na povu la bahari karibu asilimia 25. Ukiwa kwenye boti unapigwa kutoka juu, mbele na chini.

Nendeni sokoni Kilindoni au soko la samaki la Feri, Dar, mwatazame macho ya wazee waliovua maisha yao yote. Mtaona kile kinyama kinachoanzia kona ya jicho upande wa pua, chenye mishipa myekundu, kinatambaa taratibu kuelekea kwenye mboni. Kikifika katikati mtu anaona ukungu, na dawa yake ni kukatwa, na hata kikikatwa kinaweza kurudi. Jua, upepo na vumbi ndivyo vinavyokichochea. Mtoto wa jicho nao unasogezwa karibu na mionzi hiyohiyo. Wazee wale hawakuwa na miwani. Vijana wetu wa leo wamekubali kutoa pesa ili wasifike huko, halafu mtu mwenye koti jeupe anawapeleka hukohuko kwa stika ya karatasi inayobanduka kwa ukucha.

Msinielewe vibaya, sisemi miwani ya bei nafuu yote ni mbovu. Kinga ya urujuanimno haina gharama kubwa. Lenzi za polikaboneti zinaizuia zenyewe kwa asili yake, na tena hazivunjiki ovyo, jambo muhimu kwa sisi ambao chubwi, lile risasi la mshipi, likichomoka linarudi usoni kwa kasi. Kwa hiyo hata ya bei ya chini inaweza kuwa salama. Ninachokataa ni uongo.

Kabla hujatoa hela, fanya hivi. Beba kompyuta mpakato au simu, washa skrini iwe nyeupe, weka lenzi mbele yake kisha izungushe polepole. Polaraizi ya kweli itafika mahali skrini inafifia sana au inazima kabisa. Jaribu kwa mwanga wa kompyuta ukiweza, maana baadhi ya simu zinabadilika rangi tu. Fungua boksi, pima ILEILE unayoondoka nayo. Upande wa urujuanimno, kuna maduka ya miwani yenye kipimo cha lenzi, dai uwekewe. Pakikosekana, ile tochi ya zambarau ya kukagulia noti inasaidia kidogo: alama za noti zinazong'aa chini ya tochi zinatakiwa zififie sana ukipitisha mwanga kwenye lenzi kwanza. Si kipimo cha maabara, lakini lenzi ikipitisha mwanga wote noti ikawaka vilevile, rudisha miwani kabatini uondoke.

Rangi nayo wanaificha. Kwa kazi ya miamba na maji mafupi, chukua ya kahawia au ya shaba, inatenganisha mwamba na mchanga. Kijivu ni ya maji ya kina kirefu. Na mtu asikuuzie lenzi ya daraja la 4, ile nyeusi kupita zote, kwa ajili ya kuendeshea boti: inapitisha asilimia 3 hadi 8 tu ya mwanga, na barabarani imekatazwa kuivaa ukiendesha. Ukirudi jioni nayo utapita juu ya maboya ya nyavu za watu. Daraja la 3 linatosha. Chagua fremu inayokumbatia uso ili mwanga usiingie ubavuni, na kamba ya shingoni. Manahodha mfahamu pia kwamba polaraizi inaweza kuizima skrini ya GPS ukiitazama kwa pembe fulani. Inamisha kichwa kidogo itarudi. Mwenzangu alidhani mashine imekufa, kumbe hakuna aliyemwambia.

Sasa kwenu wauzaji. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani ipo kwa ajili hiyo. Mstari wenu wa "hairudishwi" hauwapi ruhusa ya kudanganya. Duka lililotuuzia linajijua. Risiti tunayo, maboksi tunayo, stika tumezibandua tumezihifadhi pamoja na picha za skrini isiyobadilika hata ukizungusha lenzi duara zima. Tunataka pesa ya miwani yote irudi na gharama ya propela ilipwe. Mwisho wa mwezi tunakuja Dar. Tukijibiwa tena kuhusu kupima macho, tunatoka pale dukani moja kwa moja kwenda kufungua malalamiko.

Wakuu wa Tanga, Kilwa, Unguja, Pemba na ndugu zetu wa Shimoni na Malindi, mwekeni hapa: ni wapi mlinunua miwani, muuzaji alikubali ujaribu kwenye skrini au alianza kukunja uso? Bei ilikuwa ngapi, na imekaa miezi mingapi kabla chumvi haijala bawaba? Wenye picha za kabla na baada wazitume, kuna vijana wanataka kununua wiki hii.