Msaada: taa ya reli ya marehemu baba imezuiwa, fomu ya forodha CN23 imekataliwa

Binti Tabora, Leicester

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Ndugu zangu walinitumia kutoka Tabora kifurushi chenye vitu viwili vya marehemu baba. Kimoja ni taa yake ya ishara, ile yenye herufi za lile shirika la zamani la reli na bandari la Afrika Mashariki, EAR&H. Cha pili ni kichwa cha treni alichokiunda mwenyewe kwa bati la debe mwaka 1974, alipokuwa fundi karakana. Ni Garratt, zile injini kubwa za mvuke za aina ya 59 alizokuwa akizitengeneza. Urefu wake ni kutoka kiwiko changu hadi ncha ya kidole.

Ofisi ya vifurushi imekishikilia wiki ya pili sasa. Shemeji alijaza kwenye CN23 "taa na treni ya kuchezea", akaweka thamani pauni 200 ili wakione ni kitu cha maana. Wamekiweka kwenye namba ya ushuru 9503, ya vitu vya kuchezea, wanataka VAT 20%, ada yao juu, na risiti ya ununuzi. Risiti ya kitu alichokigonga baba kwa nyundo naitoa wapi? Nimeambiwa vitu vya kumbukumbu huingia kwa namba 9705 na VAT yake ni 5%. Nani ameshapitia hili? Niwaandikie nini? Mwisho ni Ijumaa, wakirudisha ndiyo basi.

Mkisumu, Birmingham

Pole sana dada. Mimi niliingiza kibao cha stesheni na kofia ya gadi ya babu yangu, vyote ndani ya sanduku moja, na sikulipa hata peni. Jaza ToR1, fomu ya msamaha wa ushuru. Uonyeshe umeishi nje miezi 12 na vitu umekuwa navyo miezi 6. Mimi walinijibu, nikapewa namba, kwisha.

Mama Neema, Reading

Mkisumu, soma swali kabla ya kujibu. ToR1 ni ya mtu anayehamia. Binti yuko Leicester tangu watoto wake hawajazaliwa, atahamia kutoka wapi? Watu wanafuata ushauri wa namna hii halafu wanakataliwa.

Dada, kuna msamaha wa vitu vya mirathi, na huo hauhusiani na ToR. Unathibitisha marehemu alikuwa mwenye mali na wewe ni mrithi. Mimi niliupitia kwa ajili ya Peugeot 404 ya marehemu mume wangu, ya 1967. Ofisi moja ilinizungusha miezi minne kwa sababu jina kwenye kadi ya gari lilikuwa na herufi moja tofauti na la cheti cha kifo. Herufi moja! Gari limekaa bandarini, ada ya maegesho inapanda kila siku, na mimi bado niko eda. Sitaki hata kukumbuka. Lakini siku nilipoliwasha pale uani likaitika, nililia. Tanga nzima ililijua lile gari. Mume wangu alilinunua kwa sababu ya Bert Shankland, aliyechukua Safari Rally kwa 404 mwaka 1966 na tena 1967, naye alikuwa mkazi wa Tanzania.

Mzee wa Gorton, Manchester

Binti, marahaba, na pole kwa msiba hata kama ni wa zamani.

Naomba kusahihisha jambo moja. 59 hazikufanya kazi Tabora. Zilikuwa injini 34, zilijengwa hapa Gorton kwenye kiwanda cha Beyer Peacock 1955 na 1956, tani 252 kila moja, na uzito ule ulitaka reli nzito ya Mombasa na Nairobi. Zilipewa majina ya milima. Mojawapo iliyopo makumbusho ya reli Nairobi, 5918, ni Mount Gelai, mlima wa Tanganyika uliokwenda kupanda mwinuko wa Mazeras, nje ya Mombasa, kila siku. Garratt za Reli ya Kati zilikuwa za aina ya 60, nyepesi zaidi. Tazama ubavuni mwa kile kichwa, baba yako hawezi kuwa amekosea.

Huku darini nina reli yangu ndogo ya mfano, ya kipimo cha 1:87, njia ya milimita 12. Vijana huniambia ninunue ya Hornby. Ile ni ya kipimo cha OO, njia ya milimita 16.5, haiwezi kuwa reli yetu ya mita moja hata uipake rangi gani. Mataruma nimeyakata mwenyewe. Nimefika stesheni ya Saranda, na akina mama wenye beseni za kuku kichwani nimewaunda kwa waya. Aliyewahi kushushiwa dirisha usiku pale Saranda anajua kwa nini nilianzia hapo na si Dar.

Binti Tabora, Leicester

Asante mzee wangu. Nimekuza picha aliyonitumia kaka. Ni kweli, ubavuni amechora 60 kwa msumari, halafu namba mbili ambazo kutu imezila. Miaka yote hii nimekuwa nikiwaambia watoto ni 59.

Mama Neema, hilo la mirathi sikulijua. Tuna barua ya usimamizi kutoka Mahakama ya Mwanzo, ila iko kwa Kiswahili na msimamizi ni kaka yangu, si mimi. Je, itafsiriwe na mtu mwenye muhuri au natafsiri mwenyewe? Na jina la kaka halitanikwamisha?

Mkisumu, Birmingham

Mama Neema, sikukataa kusoma. Nilisema lililonifaa mimi.

Mzee, umenirudisha mbali. Tulikuwa tukipanda Nairobi usiku, na mhudumu anapita koridoni na marimba yake ndogo kuwaita wa daraja la kwanza kula. Sisi wa la tatu tulikuwa na viazi vya mama ndani ya karatasi, lakini ile marimba tuliisikia sote. Asubuhi unaamka ziwa liko mbele yako.

Halafu 1977 wakubwa wakagombana, na shirika moja likawa matatu. Baba alikuwa na marafiki Moshi na Tabora walioandikiana barua za kazi miaka kumi. Ghafla ni wageni. Mpaka leo tumejenga SGR mbili, zote milimita 1435, na hazikutani popote.

Mdodoma, Minneapolis

Usiziweke pamoja, kaka. Yetu ni ya umeme, yenu ni ya dizeli. Nilipanda Dar hadi Dodoma mwaka jana, chai haijapoa umefika. Mama yangu alikuwa akiianza safari hiyo na mkeka.

Mkisumu, Birmingham

Nimezungumzia upana wa njia, sijasema injini. Na yenu ilianza kubeba abiria 2024, yetu 2017. Tuheshimiane.

Mama Neema, Reading

Jamani, Ijumaa ni keshokutwa. Binti, barua yangu ya mahakama niliitafsirisha, ila msimamizi nilikuwa mimi mwenyewe. Hilo la kaka sijui wanalichukuliaje. Kuna mwanasheria humu?

Mzee wa Gorton, Manchester

Binti, kikitoka, nakuomba usiioshe taa. Kwa ndani, nyuma ya kioo chekundu, kuna masizi ya mafuta ya taa. Ukizungusha kifuniko cha juu kijani kije mbele, ile alama nyeusi ya utambi itakuonyesha taa ilikaa zaidi kwenye rangi ipi. Ya kwangu ni kijani. Na ukinipimia kile kichwa, magurudumu hasa, kutoka kitovu cha gurudumu hadi kitovu cha jingine, nitakikatia kipande cha reli cha kusimamia.

Binti Tabora, Leicester

Nitakupimia mzee. Nimewapigia leo dakika 50, simu ikakatika. Kesho naenda mwenyewe na barua ilivyo, na ile picha.