Laini ya gigabiti 8 kati ya Malindi na Mombasa: mbona mtandao wa hifadhi unabeba kidogo hivi?

FundiBarani (Malindi) ameuliza:

Assalaam aleikum ndugu zangu.

Nasimamia mitambo ya hifadhi ya data katika hospitali moja ya hapa Malindi mjini. Tuna makabati mawili ya diski yaliyounganishwa na seva kwa swichi za Fiba Chaneli (mtandao maalumu wa kuunganisha seva na diski), na hadi juzi yote mawili yalikuwa katika chumba kimoja. Wakuu wetu, baada ya kuombwa kwa muda mrefu, wamekubali kwamba nakala ya pili ya kumbukumbu za wagonjwa ikae Mombasa, ili moto au maji yakiingia chumbani yasituache mikono mitupu. Kampuni moja ya mawasiliano imetupa kwa majaribio laini ya mwanga ya gigabiti 8 kwa sekunde, inayopita katika mtandao wake wa usafirishaji wa OTN (mfumo wa kubeba data za wateja wengi kwa mwanga), nasi tumelihamishia kabati moja Mombasa.

Linalonitatiza ni hili. Laini inawaka, swichi za pande zote mbili zinaonana, na milangoni hakuhesabiwi kosa hata moja. Lakini tukinakili faili kubwa, kasi haizidi megabaiti 48 hivi kwa sekunde, ilhali ndani ya chumba chetu mlango wa aina hiyohiyo hubeba karibu megabaiti 800. Mlango umewekewa krediti 32 za bafa (nafasi ya kushikilia data kwa muda), kama ulivyotoka kiwandani. Kampuni inasema laini ni safi, na inatushauri tupande hadi gigabiti 16. Kabla sijapeleka ombi jingine la fedha, naomba kujua: je, laini kubwa zaidi itatusaidia? Na je, kwa umbali huu, ambao kwa barabara ni yapata kilomita 120, hifadhidata ya wagonjwa yaweza kunakiliwa papo kwa papo, yaani daktari asiambiwe kwamba alichoandika kimehifadhiwa mpaka Mombasa nayo iwe imekipokea?

---

NuruYaKilindini (Mombasa) amejibu:

Waaleikum salaam, ndugu FundiBarani. Usinunue gigabiti 16. Ukiinunua leo bila kugusa kitu kingine, kesho utaona megabaiti 48 zilezile.

Fiba Chaneli haitumi fremu, yaani vifurushi vya data, kwa kubahatisha. Mlango unaotuma hupewa idadi maalumu ya krediti, nazo ni vibali vya kutuma. Kila fremu inayoondoka hutumia kimoja, na kibali hicho hakirudi mpaka mlango wa upande wa pili uitoe fremu bafani na kurudisha ishara kwamba nafasi ipo. Vibali vikiisha, mlango hunyamaza na kungoja, hata kama laini yote ni tupu. Katika chumba kimoja kungoja huko hakuonekani, kwa kuwa ishara hurudi mara moja. Kwenye masafa marefu ndiko kunakokula karibu muda wote.

Sasa tazama hesabu yako mwenyewe. Fremu iliyojaa hubeba baiti 2,048 za data ya diski, hivyo krediti 32 ni baiti 65,536 kwa kila mzunguko wa kwenda na kurudi. Zigawe kwa megabaiti 48 kwa sekunde, utapata mzunguko wa takriban milisekunde 1.37. Mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani maikrosekunde 5 kwa kila kilomita, au 10 kwenda na kurudi. Kwa hiyo njia yako ina urefu wa kilomita 137 hivi, wala si 120. Swichi imekupimia njia bila wewe kuiomba. Zile kilomita 17 za ziada si ajabu: nyuzi huzungushwa na kuachwa akiba mashimoni, huingia vituoni na kutoka, na mitambo ya njiani nayo huongeza maikrosekunde zake.

Ili mlango wa gigabiti 8 usinyamaze kwenye umbali huo, zidisha kilomita kwa gigabiti kisha ugawe kwa mbili: ni krediti kama 550. Kanuni hiyo hudhani kwamba fremu zote zimejaa. Hifadhidata huandika vipande vidogo, na fremu ndogo hula kibali kizima sawasawa na kubwa, basi angalia katika takwimu za swichi wastani wa ukubwa wa fremu zako. Ikiwa ni nusu, mahitaji huwa mara mbili. Mimi ningeweka 800 nikaanza kupima. Angalia pia kwamba swichi nyingi hugawa bafa kutoka fungu moja linalotumiwa na kundi la milango, na baadhi yake hudai leseni ya masafa marefu kabla hazijakuruhusu kuzipandisha. Kihesabu cha muda ambao mlango umekaa bila krediti ndicho kitakachokuonyesha kama umefika.

Nimeliandika hili kwa urefu kwa sababu naumia kila nionapo hospitali au shule ikiuziwa upana wa barabara wakati shida yake ni urefu wa safari. Fedha hizo zina kazi nyingine.

---

MlinziWaDiski (Kilifi) amejibu:

Mwenzangu hapo juu amemaliza habari ya faili kubwa. Swali lako la pili ni la namna nyingine, maana krediti nyingi haziifanyi safari kuwa fupi.

Amri ya kawaida ya kuandika kwenye diski husafiri mara mbili. Kwanza hutumwa amri yenyewe, na upande wa pili hujibu kwamba uko tayari. Ndipo data inapotumwa, na jibu la kukamilika hurudi. Kwa mzunguko wa milisekunde 1.37 hiyo ni milisekunde 2.74, na ukiongeza nusu milisekunde ya kabati lenyewe unafika kama 3.2. Daktari hatazihisi. Lakini hifadhidata huandika kumbukumbu zake za miamala kwa foleni, mmoja baada ya mwingine, na foleni moja ya namna hiyo hupitisha kama miamala 310 kwa sekunde, ilhali kabati la chumbani lingepitisha 2,000. Swichi na vifaa vingi vya masafa vina uwezo wa kuharakisha uandishi: kifaa kilicho karibu hujibu "niko tayari" kwa niaba ya kile cha mbali, na safari mbili zikawa moja. Hapo foleni hupanda hadi miamala 530 hivi. Baadhi ya makabati hunakili kwa safari moja tangu mwanzo, basi muulize muuzaji kabla hujalipia leseni ya swichi.

Kwa hospitali ya kiasi chenu naona inawezekana, mradi mpime saa za asubuhi, wagonjwa wa nje wanapojaa. Ila msitie kila kitu katika kapu hilo. Hifadhidata ya wagonjwa, dawa na malipo na inakiliwe papo kwa papo. Picha za eksirei na za CT, ambazo ni kubwa na hazibadilishwi zikishapigwa, zinakiliwe kwa kuchelewa kidogo, ili siku ya picha nyingi zisiisukume hifadhidata pembeni. Unakili wa kuchelewa huhitaji diski ya kushikilia yale ambayo hayajavuka: mkiandika megabaiti 20 kwa sekunde na laini ikakatika kwa saa nne, mtahitaji gigabaiti 288. Tengeni zaidi ya hapo, kwa kuwa kebo ikikatwa usiku haishonwi kwa saa nne.

Lipo jambo moja ambalo wakuu wenyewe wanapaswa kuliamua, tena kwa maandishi. Laini ikikatika, je, hifadhidata isimame mpaka Mombasa irudi, au iendelee Malindi peke yake? Kwa benki jibu laweza kuwa kusimama. Kwa wodi yenye wagonjwa mahututi sioni jibu jingine ila kuendelea. Basi lazima mjue nani atapata taarifa kwamba kwa wakati huo nakala ya pili iko nyuma, na kama mtaweka uhamishaji wa kujiendesha wenyewe, shahidi wa kuamua upande upi uko hai akae mahali pa tatu, kwa njia isiyopitia laini hii. Bila shahidi, pande mbili zinaweza kudhani kwa pamoja kwamba kila mmoja ndiye mkuu, zikaandika kila moja lake. Na kumbukumbu za dawa za mgonjwa zikishagawanyika hivyo, kuziunganisha tena ni hatari.

---

Nyuzi_na_Vikuza (Mombasa) amejibu:

Kazi yangu ni upande wa usafirishaji, basi nitasema ya upande huo tu.

Kampuni iliposema laini ni safi huenda ilisema kweli, lakini neno hilo halitoshi. Kiwango cha G.709 cha ITU-T (chombo cha kimataifa cha viwango vya mawasiliano), ambacho ndicho msingi wa OTN, huongeza baiti 16 za kusahihisha kwa kila 239, na hivyo makosa ya njiani hurekebishwa kabla swichi yako haijayaona. Mlango wako utaonyesha sifuri mpaka siku ambayo marekebisho yatashindwa, na siku hiyo makosa huja kwa wingi kwa ghafla. Omba kila mwezi upewe kiwango cha makosa kabla ya kurekebishwa. Kikipanda pole pole, kuna kiungo kinachooza au kikuza mwanga kinachochoka. Uzi hupoteza kama desibeli 0.2 hadi 0.25 kwa kila kilomita, kwa hiyo kwenye kilomita 137 mwanga hupungua desibeli 27 hadi 34 kabla ya kuhesabu viungo, na hakuna moduli ya kawaida ya kilomita 80 itakayovuka hapo. Huenda kuna kituo katikati, na kwa njia hii yaelekea ni Kilifi. Ulizeni kina betri za saa ngapi umeme ukipotea.

Kuhusu gigabiti 16, kuna sababu ya pili ya kuikataa. Fiba Chaneli ya 8 huenda kwa gigabiti 8.5 na huingia katika kasha la OTN la gigabiti 10. Ile ya 16 huenda kwa 14.025, hailiingii kasha hilo, na hudai nafasi katika kasha la 40 au la 100. Bei yake haipandi kwa mara mbili tu.

Sasa njia yenyewe. Nyuzi zinazofuata barabara ya Mombasa na Malindi huvuka daraja la Mtwapa na daraja la Kilifi, na upanuzi wa barabara hiyo umekuwa ukichimba kandokando ya kebo. Mkikodi laini mbili kwa kampuni mbili na zote zikavuka madaraja yaleyale, mna laini moja yenye ankara mbili. Dai ramani, na utie sahihi juu ya ramani. Njia ya umeme mkubwa ya kilovolti 220 itokayo Rabai kupitia Malindi na Garsen hadi Lamu haifuati ufuo; inafaa kuuliza kama kuna nyuzi za kukodishwa juu yake.

Na njia ya akiba iwe na urefu ulioandikwa. OTN huweza kuhamia njia ya pili kwa milisekunde 50, muda ambao seva haziuhisi, isipokuwa amri chache zilizokuwa njiani zitangoja na kurudiwa. Lakini kama njia ya pili inazunguka bara kabla ya kurudi Mombasa, krediti zako zilizohesabiwa kwa kilomita 137 zitakuwa pungufu, na kila mwamala utachelewa, bila taa yoyote kuwa nyekundu. Washa pia urejeshaji wa krediti zilizopotea, pande zote mbili, kwa sababu ishara zinazopotea wakati wa kuhama hupunguza vibali kimyakimya.

La mwisho: msiunganishe swichi za Malindi na za Mombasa zikawa mtandao mmoja. Laini ikiyumba, mabadiliko yake yatazifikia hata seva za wodini. Tumieni uelekezaji kati ya mitandao miwili, ili milango ya kunakili pekee ndiyo ionane. Na kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huzihesabu habari za afya kuwa nyeti, laini isimbwe, yaani data ifichwe kwa msimbo ili asiyehusika asiisome. Kusimba kwenye mitambo ya OTN huongeza maikrosekunde chache tu.

---

FundiBarani ameandika tena:

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Tumepandisha krediti hadi 800 na faili kubwa sasa inapita kwa zaidi ya megabaiti 700 kwa sekunde, kwa laini ileile. Kampuni, baada ya kubanwa, imetuonyesha njia yake ya akiba: ni ya kilomita 410. Kwa hesabu mliyonifundisha, hiyo ni milisekunde 4.1 kwa mzunguko, na foleni ya miamala itashuka hata kukiwa na uharakishaji. Nitawapelekea wakuu swali la kuendelea au kusimama kabla ya kutia sahihi mkataba wowote.

Nina swali dogo. Tuna zahanati Lamu, nao wanaomba seva zao zisome diski moja kwa moja kutoka kabati letu la Malindi, wasinunue diski zao. Je, ni busara?

---

MlinziWaDiski amejibu:

Hapana, ndugu yangu. Kutoka Malindi hadi Mokowe kwa barabara ni kama kilomita 220, kisha kuna mkondo wa bahari wa kuvuka, na hapo kila usomaji wa diski utalipa safari nzima, tofauti na nakala ambayo hulipa wakati wa kuandika tu. Kibaya zaidi, laini ikikatika seva za Lamu zitapoteza diski zao katikati ya kazi, na zahanati itabaki bila hata orodha ya wagonjwa wa asubuhi ile. Wawekeeni seva yenye diski zake, hata kama ni ndogo, na hifadhidata yenyewe itume mabadiliko yake Malindi kwa mtandao wa kawaida uliosimbwa. Laini ikirudi, itatuma yaliyobaki.

Kuhusu njia ya akiba ya kilomita 410: hifadhidata na iwekewe amri ya kuhamia unakili wa kuchelewa mzunguko unapozidi milisekunde 2, kama kabati lenu linaruhusu, na krediti zihesabiwe upya kwa urefu huo: ni 1,640 kwa gigabiti 8. Kama swichi haina bafa hizo, jueni tangu sasa kwamba kwa njia hiyo hamtapata kasi yote, na mpimeni mzigo wa picha kwa kasi hiyo ya chini.