MMA ni kazi ama ni kuuza kichwa? Kaunti zifungue kumbi ama zikatae?

Mshika Padi, Nakuru

Wadau habari za jioni. Hii mada imenikaa kooni siku nyingi wacha niitoe. Hapa Nakuru na upande wa Kisumu pia vijana wameanza kusema wazi wanataka MMA, ule mchezo wa ngumi, mateke na mieleka kwa pambano moja, iwe kazi yao, si mazoezi ya jioni, kazi kabisa ya kulipa rent. Kuna watu wanasema kaunti ziwape kumbi za umma na pesa kidogo kama vile mpira unapewa, na wengine, hasa wazazi na watu wa kanisa, wanasema huo ni unyama upigwe marufuku. Mimi nashika padi kwa jimu moja ndogo hapa Langa Langa, mkeka wetu ni magodoro ya zamani tumeyafunika na turubai, kwa hivyo siongei nikiwa mbali. Msimamo wangu ni kumbi zifunguliwe, lakini asipigane mtu kwa tiketi mpaka kuwe na daftari la nani amepigwa nokauti, yaani amelazwa chini, na lini. Bila daftari hata mimi niko na wanaokataa.

Sababu ni hii. Nevada huko Marekani ukilala kwa nokauti, tume inayosimamia mchezo inakuandikia kupumzika siku 30 mpaka 60 hivi, hupigani, na kwa muda hata sparingi, mazoezi ya kupigana na mwenzako, hukubaliwi, na ukijaribu kwenda jimbo lingine unakuta jina lako limefika kabla yako. Huku kwetu kijana analala Nakuru Jumamosi, wiki mbili baadaye promota mwingine anampigia simu kuna pambano Eldoret, elfu tano na nauli, na anaenda. Nani atamzuia? Kochi naye ana mgao wake kwa ile elfu tano. Nimeshikia kijana padi siku chache baada ya kulala, namwekea ya kushoto anaifikia kama nimeshaitoa, anapiga hewa, halafu anacheka ananiambia kochi ni usingizi tu. Usingizi gani wa saa kumi jioni.

Omera wa Kondele

Boss unaanza na matanga kabla mtu hajaugua. Hebu angalia Waafrika wamefika wapi. Francis Ngannou alikuwa anachimba mchanga Cameroon akiwa mtoto, akavuka jangwa, akafungwa Uhispania, akalala nje Paris, na 2021 akamlaza Stipe Miocic akawa bingwa wa uzito wa juu wa UFC, ligi ya MMA ya Marekani. Kamaru Usman mzaliwa wa Nigeria, Israel Adesanya mzaliwa wa Lagos, Dricus du Plessis wa Afrika Kusini, wote wamevaa mkanda. Ligi ya EFC ya Afrika Kusini iko tangu 2009 na 2025 PFL, ligi nyingine ya Marekani, wameanzisha ligi ya Afrika, ikaanzia Cape Town. Mlango ndio huo umefunguka, sisi bado tunabishana kama tuvae viatu. Vijana wa Manyatta na Nyalenda wanakula ngumi bure kila wikendi nje ya klabu, si afadhali walipwe? Na msiniletee hatari, nendeni wodi ya mifupa hospitali yoyote muone nani amejaza vitanda, ni wapiganaji ama ni sisi watu wa boda.

Mshika Padi, Nakuru

Omera majina yako yote ni ya kweli, sipingi hata moja. Lakini umenihesabia waliofika, sasa wacha nikuhesabie pesa ya yule ambaye ndio kwanza ameingia. Mkataba wa mpiganaji mpya UFC miaka hii ya karibuni ni kama dola 12,000 za kupanda ulingoni na 12,000 zingine ukishinda. Tuseme umepoteza. Ushuru wa mgeni Marekani ni kama asilimia 30, toa 3,600. Menija asilimia 10, jimu asilimia 10, toa 2,400. Umebaki na 6,000, kwa shilingi zetu ni kama laki saba na kitu. Hapo hujalipa mtu wa sparingi, chakula, fizio, na ile miezi mitatu ya kambi hukuwa unafanya kazi nyingine. Na unapigana mara mbili kwa mwaka, tatu ukiwa na bahati, ukivunjika mkono ni sifuri. Kwa jezi huwezi kuuza nafasi ya tangazo wewe mwenyewe, tangu 2015 kampuni ndiyo inachagua nguo za ulingoni. Hiyo ndio ligi kubwa kuliko zote duniani, omera, si show ya uwanja wa Bukhungu Kakamega.

Huyo huyo Ngannou pambano lake la mwisho UFC, Januari 2022, akiwa bingwa wa dunia, pesa iliyotangazwa ilikuwa dola 600,000. Kwako na kwangu ni utajiri, lakini alipotoka akaenda kupigana ndondi na Tyson Fury 2023 huko Riyadh, akamwangusha raundi ya 3 na bado majaji wakampa Fury, alilipwa mamilioni. Wapiganaji wenyewe waliishtaki UFC tangu 2014 wakisema wanabanwa malipo, kesi ikaisha kwa dola milioni 375, mahakama ikapitisha 2025. Kwa hivyo mtu akikuambia MMA ni kazi muulize mshahara unaingia tarehe ngapi.

Mama wa Kaptembwa

Mimi sijui hizo UFC. Mimi najua kijana wangu alifunga kula siku mbili kwa sababu eti lazima afike kilo 61 ndio akubaliwe kupigana. Nikamkuta bafuni amevaa sweta mbili na nailoni ya takataka ndani, ametia maji ya moto na chumvi kwa karai, mlango ameziba na taulo, anatema mate kwa chupa ya soda. Anaenda kujipima kwa mizani ya posho mill, anarudi anasema bado gramu mia nane. Midomo imepasuka kama mtu wa njaa. Kesho yake ndio anaenda kupigwa kichwa. Mniambie nyinyi wasomi, hiyo ni michezo gani? Kaunti ikitoa hata shilingi kwa hiyo kitu kura yangu wasahau.

Daktari wa Mtaa, Kakamega

Mama pole, na hapo umeshika penyewe. Mimi ni clinical officer, na ile nailoni inaniogopesha kuliko ngumi. Desemba 2015 kijana wa China anaitwa Yang Jian Bing, miaka 21, alikufa Manila akipunguza uzito, hakuwa hata amepanda ulingoni. ONE Championship waliokuwa wameandaa pambano wakabadilisha sheria yao wakakataza kupunguza kwa kujikausha maji. Huku hatujakataza kwa sababu hakuna hata anayepima mkojo kuona kama mtu amejikausha.

Lakini tuwe wakweli pia. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, ulitoka 2015, waliangalia miaka 10 ya vipimo vya baada ya pambano. Wapiganaji wa MMA waliumia mara nyingi kuliko mabondia, karibu asilimia 59 kwa 50, lakini mengi ni mikato na michubuko. Kupoteza fahamu ni mabondia waliozidi, asilimia 7 hivi kwa 4. Kwa MMA mtu anaweza kukabwa akapiga mkono chini na kwisha, kwa ndondi unahesabiwa mpaka nane unarudishwa tena. Kwa hivyo yule anasema ndondi ni mchezo wa heshima na MMA ni unyama anaangalia damu, haangalii ubongo.

Mtu wa Khayega

Sisi huku Kakamega tunapiganisha mafahali, na ng'ombe wa kupigana analindwa kama bwana harusi, analishwa vizuri na hafanyishwi kazi ya shamba. Na akishindwa hatumrudishi uwanjani wiki ijayo. Nawaza tu kwa sauti.

Omera wa Kondele

😂😂 Khayega wacha kutuaibisha mbele ya watu.

Nyar Gem

Mimi naongea kama mtu wa Siaya. Bondia Conjestina Achieng ni wetu, tulimwita Hands of Stone, kuna siku nchi nzima ilikuwa inamshangilia. Sisemi ngumi ndizo zilimletea ugonjwa, mimi si daktari na wala nisizushe. Nasema alipougua alirudi kijijini na tukawa tunamwona kwa simu watu wakichangisha, leo huyu mwanasiasa kesho yule, kila mtu na kamera yake. Wapi bima? Wapi shirikisho? Na bondia Robert Wangila je, dhahabu ya Seoul 1988, Mkenya pekee mpaka leo kupata dhahabu ya ndondi Olimpiki, 1994 akapigana Las Vegas, pambano likasimamishwa, akapoteza fahamu, akafa akiwa na miaka 26. Huko ndiko kuna madaktari na vyombo vyote. Sasa wewe unataka keji, ule ulingo wa waya, Kisumu na ambulensi ni probox ya mtu?

Mzee wa Bondeni

Vijana mmesahau kitu kimoja na mimi nimekaa na ndondi za Nakuru tangu mkiwa hamjazaliwa. Mji huu ndio wa bondia Philip Waruinge, Olimpiki alipata shaba Mexico 1968 na fedha Munich 1972. Mnafikiri ndondi ililisha watu kwa mikanda? Ndondi ililisha watu kwa sababu ukipiga vizuri Polisi wanakuchukua, Magereza wanakuchukua, Jeshi wanakuchukua. Unapata nyumba, mshahara mwisho wa mwezi, ukiumia kuna hospitali, ukizeeka kuna pensheni. Mkanda ulikuwa pambo. MMA haina hiyo kitu. Hakuna timu ya Magereza ya MMA. Kwa hivyo kijana akija kwangu namwambia acheze ndondi ama taekwondo kwanza, hata yule dada Faith Ogallo wa Chuo Kikuu cha Kibabii alifika Olimpiki ya Tokyo kwa taekwondo. Huko kuna safari za kitaifa, na ukirudi unaweza kuandikwa kazi. MMA aingie baadaye akiwa na pa kurudi.

Mshika Padi, Nakuru

Mzee hapo kwa pensheni nimenyamaza. Umesema vizuri kuliko mimi. Ndio maana nakataa kaunti iseme tunatoa ajira kwa vijana kupitia MMA, hiyo itakuwa uongo wa mchana. Iseme tunafungua ukumbi, basi. Na nikisema daftari sina maana ya kumaliza hatari, hiyo haiishi. Congo ilipoteza kijana wao Booto Guylain pale Johannesburg 2014 baada ya pambano la EFC, na EFC si watu wa mchezo mchezo. Nasema tu ile hatari ya kijinga, ya mtu kupigwa juu ya kidonda ambacho hakijapona, hiyo tunaweza kuitoa kwa kalamu.

Omera wa Kondele

Sawa tuchukulie nimekubali. Hilo daftari atashika nani? Ukiweka kwa ofisi ya kaunti litauzwa, promota atatoa elfu mbili jina lifutwe, hii Kenya tunajuana. Ukimwachia promota ni kumpa fisi ulinzi wa bucha. Na kuna promota watakuja na show ya usiku kwa ukumbi wa harusi, hakuna daftari, hakuna daktari, na vijana wataenda huko kwa sababu huko ndiko kuna pesa ya haraka. Mkikaza sana mtasukuma mchezo gizani.

Mzee wa Bondeni

Mbona mnatafuta mbali. Sisi wa ndondi za ridhaa tulikuwa na kitabu cha rekodi, kila bondia chake, kina picha yake. Daktari wa ulingoni anaandika ulishinda vipi, ulipoteza vipi, ulianguka ama hukuanguka, na unapumzika mpaka lini. Ukija bila kitabu hupimwi hata uzito. Ukikipoteza ni shida yako na kochi wako.

Daktari wa Mtaa, Kakamega

Kitabu ni bora kuliko daftari la ofisini kweli. Lakini mzee, siku zenu daktari alikuwa analetwa na chama. Sasa hivi anayeniita kwa show za huku ananipa soda na ahadi. Mara ya mwisho nilienda na glavu zangu, tochi yangu, na hakukuwa na machela, tukambeba mtu kwa meza ya plastiki. Kama kaunti inataka kusaidia kwa pesa isinunue jezi wala kombe. Ilipe daktari na iweke ambulensi mlangoni injini ikiwaka, na daktari alipwe kabla pambano halijaanza ili nikisema huyu hapandi asipande, na promota asiwe na la kunifanya.

Nyar Gem

Daktari kwa hilo nakuunga mkono ingawa bado sitaki keji Kisumu.

Mshika Padi, Nakuru

Basi naongezea kwa pendekezo langu: ukumbi wa umma mlangoni wanaangalia kitabu, na pesa ya daktari inakatwa kwa tiketi za kwanza kabisa kabla promota hajagusa kitu. Show za gizani hatuwezi kuzimaliza lakini kochi akipeleka mtoto huko anyimwe ukumbi mwaka mzima, hapo jimu zitajichunga zenyewe maana sote tunategemea hizo kumbi. Na kilo: upimwe asubuhi ya pambano, si siku ya kabla yake, mtu aliyejikausha hawezi kufika asubuhi hiyo na kupigana jioni, ataogopa mwenyewe.

Daktari wa Mtaa, Kakamega

Ya kilo nina wasiwasi, wengine watajikausha hivyo hivyo na wapande wakiwa wakavu, hiyo ni mbaya zaidi. Weka na kipimo cha mkojo, vile vijiti si ghali.

Mama wa Kaptembwa

Nimesoma yote. Swali langu ni moja. Hicho kitabu kinakaa kwa kochi, si ndio? Na kochi ndiye anataka apigane. Sasa mimi niliyemzaa nitajuaje kama amelala ama hakulala, kama hata ile siku ya jicho aliniambia aligonga mlango wa matatu?

Mshika Padi, Nakuru

Mama wa Kaptembwa, kwa wale bado wanakaa kwa wazazi, kitabu kikae nyumbani. Akitaka kupigana akiombe kwako.

Omera wa Kondele

Haya, mmesikia wenyewe. Kwa hiyo sheria hakuna mtu atapigana Nakuru mpaka 2040.