Aljomita inapanda baada ya kusukuma kiuno, wiki ijayo imeshuka: ni kiungo au ni neva?

Fizio_Kondele aliuliza:

Wadau, naulizia maumivu sugu ya kiuno, hasa kwa waendesha bodaboda wa hapa Kisumu na wakata miwa wa Kibos na Muhoroni. Nikisukuma pingili za kiuno mara moja kwa kasi, aljomita (kifaa kinachopima mkandamizo unapoanza kuuma) kando ya L4, pingili ya nne ya kiuno, inatoka kama kilo 3 hadi karibu 4 kwa sentimita mraba mgonjwa akiwa bado kitandani. Akirudi wiki ijayo tuko pale pale pa zamani. Kwa wengine hata kipimo cha ugoko, ambao sikuugusa, kinapanda. Nimerekebisha nini hasa? Na ule mlio wa "kwa!" niutafute kila mara?

Neva_Nakuru:

Hujarudisha pingili mahali pake, kwa sababu haikuwa imehama. Msukumo wenyewe hauchukui hata robo sekunde, na kiungo kinarudi kilipokuwa. Kilichobadilika ni mapokezi ya ishara. Misuli midogo iliyoshika pingili ina vipokezi vya mvuto. Ikinyooshwa ghafla, vipokezi hivyo hurusha ishara nyingi kwa mpigo hadi kwenye ugwe mgongo (shina la neva lililo ndani ya uti), pale pale zinapofikia ishara za maumivu zinazoletwa na nyuzi nyembamba za neva ziitwazo C. Watafiti Melzack na Wall walieleza mwaka 1965 kwamba mguso wenye nguvu unaweza kuzibana ishara hizo mlangoni. Tena kuna njia zinazoshuka kutoka ubongo wa kati, zinazotumia kemikali za neva, serotonini na noradrenalini, kupunguza makali.

Ila ugoko usikudanganye. Msuli wa mbele wa ugoko unapata neva kutoka L4 na L5, kwa hiyo kineva ni jirani wa kiuno ulichosukuma. Ukitaka kujua kama mwili mzima umepoa, pima kiganjani, kwenye nyama ya chini ya kidole gumba.

Mlio ni uwazi wa gesi unaojitengeneza ghafla kwenye majimaji ya kiungo. Picha za MRI za vidole zilionyesha hivyo mwaka 2015. Kiungo kikishalia, huchukua kama dakika 20 kabla ya kuweza kulia tena. Wagonjwa ambao kiungo kililia hawapati nafuu zaidi kuliko ambao hakikulia. Kusukuma mara tatu ukiwinda mlio ni kutonesha tu.

Kipimo_Kwanza:

Kabla ya nadharia, hiyo kilo moja imepatikanaje? Bonyeza haraka na usomaji utapanda bila tiba yoyote, maana mpaka mgonjwa aseme "sasa" mkono wako umeshapita. Tumia ncha ya sentimita mraba 1, simamisha kifaa wima kabisa juu ya ngozi, ongeza kilo 1 kwa sekunde. Mwambie aseme pale mkandamizo unapoanza tu kuwa maumivu, si pale anaposhindwa kuvumilia. Wengi, wanaume hasa, hugeuza kipimo kuwa mashindano ya ukakamavu, na hapo unapima kiburi. Weka alama kwa kalamu, chukua vipimo vitatu ukiacha nusu dakika kati yake, kisha wastani. Kioo cha namba kitazame mtu mwingine.

Ongeza kipimo cha pili: choma kwa ncha butu isiyotoboa mara 10, mara moja kila sekunde, halafu uliza maumivu ya kwanza na ya kumi kwa alama 0 hadi 10. Pengo likiwa kubwa, ugwe mgongo unalimbikiza maumivu. Kwangu hicho kina maana kuliko kilo zako.

Mazoezi_Kakamega:

Msisahau matarajio. Ukimwambia mgonjwa "hii itauma", nafuu inaweza kupotea hata kama mkono wako ni hodari. Hilo nalo ni kazi ya neva, si uongo.

Kushuka baada ya wiki ni kawaida. Athari hii ni ya dakika hadi saa chache. Itumie papo hapo. Akiwa bado mwepesi, anyanyue makalio akiwa amelala chali, mara 10 kwa awamu 3, kisha ajifunze kuinamia nyonga huku mgongo umenyooka, kwanza mikono mitupu, baadaye na debe lenye maji nusu. Wa bodaboda ashuke atembee kila anapomshusha abiria. Mwongozo wa Uingereza wa 2016 wa maumivu ya kiuno unakubali tiba ya mikono pale tu inapoandamana na mazoezi.

Fizio_Kondele:

Asanteni, nimeelewa. Na nani asisukumwe kabisa?

Neva_Nakuru:

Mwenye homa za jioni, jasho la usiku, uzito unaopungua au kibyongo kinachochomoza: hiyo ni TB ya uti mpaka picha ikatae. Mzee mwenye maumivu yasiyompa usingizi, fikiria saratani ya tezi dume iliyofika mifupani. Mwenye selimundu, ambao kandokando ya ziwa hili ni wengi, maumivu ya mgongo yanaweza kuwa ya mfupa uliokosa damu. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwache. Na aliyekufa ganzi sehemu anayokalia, au mkojo umemgomea, asilale kitandani kwako hata dakika moja. Mwandikie rufaa siku hiyo hiyo.